Ladha, Tamaa na Baiskeli ya Zamani: Jibu kwa Msomaji wa Tudor

Msomaji wetu anayeishi Tudor, hapa Mombasa, karani katika kampuni ya kutoa mizigo bandarini, ameniandikia barua ndefu ambayo naifupisha hivi. Tangu apate mshahara wa kutegemewa amenunua kanzu kadhaa, kofia, saa nzito ya chuma aliyoiona kwenye simu, miwani minne ya jua, baiskeli ya kizamani yenye breki za fito, mabango ya filamu za Kihindi za zamani, na picha mbili za kuchorwa: moja ina sahihi ya “Tingatinga”, mchoraji maarufu wa Tanzania, na nyingine, ya rangi tupu zisizo na umbo, aliinunua katika duka la hoteli. Mkewe anasema sebule imegeuka ghala. Rafiki yake amemwambia waziwazi kwamba hana ladha, ana tamaa. Sasa anauliza kama ladha ni kitu cha kuzaliwa nacho, kama vitu vya mtu mmoja ni lazima vioane, na kama shilingi 60,000 alizoweka akiba kwa ajili ya mambo haya azinunulie nini. Barua yake ilianza kwa shikamoo.

Marahaba, ndugu yangu. Barua yako nimeisoma nikiwa na kalamu mkononi, na kila ulipotaja kitu nilipiga mstari, kisha nikaandika pembeni ulichokisema juu yake. Juu ya saa umesema bei, na kwamba ni nzito. Juu ya miwani umetaja majina ya kampuni. Juu ya picha yenye sahihi umesema kwamba muuzaji aliapa. Ulipofika kwenye baiskeli, hata hivyo, uliandika aya nzima: jinsi mistari myembamba ya rangi ya dhahabu inavyofuata mabomba ya fremu, jinsi breki zinavyovutwa kwa fito za chuma badala ya waya, jinsi ngozi ya kiti ilivyobonyea kwa kufuata mwili wa mzee aliyekuuzia, na mlio wa gurudumu la nyuma unapoacha kupiga pedali. Bei yake hukuitaja kabisa. Kwa hiyo sikubaliani na rafiki yako. Ladha unayo, ila mpaka sasa imekaa kwenye kitu kimoja, na vile vingine umevinunua kwa macho ya watu wengine.

Nianze na swali lako la pili, kwa kuwa ndilo jepesi. Vitu havina lazima ya kuoana. Mtu anaweza kuvaa kanzu siku ya Ijumaa, shati la mitumba la soko la Kongowea siku ya Jumatatu, akapenda filamu za kimya na akatundika ukutani picha ya rangi kali, na bado ukamtambua katika kila kimoja. Kinachoviunganisha si rangi wala zama, bali ni kwamba ukimuuliza kwa nini alichukua hiki akaacha kile kilichokuwa kando yake, ana jibu, tena jibu analoweza kulionyesha kwa kidole juu ya kitu chenyewe. Anayejibu kwa kutaja bei, jina la kampuni au mtu maarufu aliyeonekana nacho, huyo bado ananunua hadithi. Na nikiri kwamba hadithi nyingine ni tamu mno, na wauzaji wa mjini petu ni mafundi wa kuzisimulia.

Swali la kwanza lina majibu mawili ya wakubwa, na hayapatani sana. Mwaka 1757 mwanafalsafa wa Uskoti, David Hume, aliandika kwamba hukumu njema juu ya vitu vizuri hutokana na mazoezi, na kulinganisha, na kujivua upendeleo. Yaani mtu huifikia kwa kutazama mara nyingi na kutazama vitu vingi. Mwaka 1979 mwanasosholojia wa Ufaransa, Pierre Bourdieu, akachapisha utafiti wenye maneno machungu zaidi, kwamba hicho tunachokiita ladha kwa sehemu kubwa ni malezi na tabaka, na kwamba watu hukitumia kuonyeshana nani ni nani. Katika kazi yangu namfuata Hume, lakini mtu wa pwani hana ruhusa ya kumpuuza Bourdieu.

Maana hapa kwetu nguo imewahi kuwa mpaka. Katika karne ya 19 desturi ya miji ya pwani ilimzuia mtumwa kufunika kichwa au kuvaa viatu mbele ya waungwana, na nguo yake ilikuwa merikani, pamba isiyotiwa rangi iliyofumwa katika viwanda vya Massachusetts, Marekani, au kaniki iliyotiwa nili. Hali ya utumwa ilipofutwa kisheria katika pwani hii mwaka 1907, wengi wa walioachwa huru walibadilisha mavazi mapema iwezekanavyo: wanawake walishika leso, yaani kanga, za maua na baadaye buibui, wanaume wakavaa kanzu na kofia. Hawakuwa wakifuata fasheni kwa upuuzi. Walikuwa wakidai heshima kwa lugha ambayo kila mtu mtaani aliielewa. Kwa hiyo anapokuambia mtu kwamba huna ladha, pima kwanza kama anazungumzia kitu ulichonunua au anakukumbusha tu kwamba hununui wanavyonunua wenzako. Rafiki yako, kwa jinsi ulivyomnukuu, nadhani amefanya yote mawili kwa pamoja, na la kwanza lina ukweli ndani yake.

Jicho hufunzwaje, basi? Ushauri wangu utakushangaza, kwa kuwa wewe ni mwanamume na hukuuliza: anza na leso. Wataalamu wa nchi nyingine humwambia kijana aanze na saa, au viatu vya ngozi, au suti. Huo ni ushauri wa mahali ambapo vitu hivyo ndivyo vilivyojaa madukani na mafundi wake wako karibu. Sisi tuna Mtaa wa Biashara, ambako kwa asubuhi moja unaweza kutazama mamia ya leso bila kulipa hata senti, na ambako leso mbaya na leso nzuri hukaa kwenye rafu moja kwa bei zinazokaribiana. Hakuna shule bora kuliko hiyo.

Uzuri wa leso kama somo ni kwamba sheria zake hazibadiliki. Kipande kina urefu wa takriban sentimita 150 na upana wa 110, kina pindo linalozunguka pande zote, mji, yaani uwanja wa katikati, na jina, yaani msemo, lililoandikwa sehemu ya chini ya mji. Kwa kuwa umbo limekwisha kuamuliwa, kinachobaki ni uamuzi wa mchoraji na uangalifu wa mchapaji, na hayo mawili ndiyo unayotaka kujifunza kuyaona. Tazama rangi zinapokutana. Leso huchapishwa rangi moja baada ya nyingine, na kazi mbovu hukosa kulenga, hivyo utaona uzi mweupe kati ya jani na kivuli chake, au wekundu ukipanda juu ya weusi pale usipotakiwa. Tazama pembe za pindo: mchoraji mwangalifu huliwazia pindo mpaka kona, na mvivu hulikata tu kana kwamba kitambaa kimemwishia. Geuza upande wa ndani uone rangi imepenya kiasi gani. Kisha usidanganywe na ugumu wa kitambaa kipya, kwa sababu wanga huondoka kwenye maji ya kwanza, na wakati mwingine huondoka na nusu ya uzito.

Utaona pia jinsi jina la duka linavyoweza kuwa na maana ya kweli. Leso zimewahi kuchapishwa Uholanzi, Uingereza, Japani na India kwa ajili ya wateja wa pwani hii, na wafanyabiashara wa hapa ndio waliokuwa wakipeleka michoro na majina. Alama ya “Mali ya Abdulla” ya Kaderdina Hajee Essak imeaminiwa Mombasa kwa vizazi, na wapo akina mama ambao huitafuta kabla hawajalitazama ua. Huku si kufuata jina kipofu. Ni kumbukumbu ya leso zilizofuliwa miaka na miaka bila kuchuja. Jina la kampuni kwenye miwani yako lina kumbukumbu gani nyuma yake? Hilo ndilo swali ambalo ningependa ujiulize kila unapovutwa na jina.

Hapa ndipo anapoingia mkeo. Unamtaja kama mpinzani wa mambo haya, nami nina hakika anazo leso kabatini, na kwamba alipozinunua alifunua kumi akachukua moja. Mfuate siku moja, usiseme neno, na uangalie zile tisa anazoziacha. Muulize baadaye kwa nini leso fulani ya kisutu, yenye wekundu, weusi na weupe, na ambayo kwa desturi haina jina, inafaa harusini na nyingine ya rangi hizohizo haifai. Wanawake wengi wa Mombasa wana jicho kali kuliko wakusanyaji wa vitu vya thamani ninaokutana nao, na hawajapata kuliita jina lolote.

Ukitoka kwenye leso, kanzu na kofia zitakuwa rahisi. Kanzu ya mchanganyiko wa poliesta hunyooka vizuri dukani na haihitaji pasi nyingi, lakini katika joto letu hushika jasho mgongoni. Pamba hukunjamana na ndiyo sababu inavalika. Angalia mshono wa shingo na wa kwapa, kwa sababu huko ndiko fundi mwenye haraka hujificha. Kofia yako, kwa maelezo uliyonipa, ni ya mashine. Sina ubaya nayo, ila ishike kando ya kofia iliyoshonwa kwa mkono, ambayo matundu yake madogo yamezungushiwa uzi moja moja na mtu aliyekaa nayo wiki nyingi, na utaona kwamba mkono haurudii tundu lile lile mara mbili. Kofia ya mkono hushonwa kwa kipimo cha kichwa. Ukiambiwa inaingia kichwa chochote, iache.

Juu ya saa na miwani nitasema machache, kwa kuwa wewe mwenyewe ulisema machache. Saa yako, nadhani, ni ya betri, na ndani yake kuna kipande cha kwatzi kinachotetemeka mara 32,768 kwa sekunde. Kwa usahihi wa majira itaishinda saa ya kujaza ya bei kubwa mara nyingi zaidi. Basi ukitaka saa ya kujaza siku moja, usiitafute kwa ajili ya majira bali kwa kupenda mtambo wake. Maandishi ya “mita 30” mgongoni hayakuruhusu kuogelea nayo, kwani ni kipimo cha maabara, na matone ya maji ndiyo ukomo wake. Mkanda wa ngozi katika jasho la Mombasa haukai. Kwa miwani, kinachohesabika ni kioo kuzuia miale ya urujuanimno, ile ya jua isiyoonekana kwa macho, hadi nanomita 400, kipimo ambacho huandikwa UV400. Kioo cheusi kisicho na kinga hiyo kinaweza kuwa kibaya kuliko kutovaa kabisa, kwa maana weusi huifanya mboni ipanuke na huenda ikaingiza miale mingi zaidi. Bakiza mmoja unaotosha uso wako, hiyo mingine mitatu igawe.

Kabla sijafika kwenye baiskeli, ningependa umjue Cyrus Kabiru wa Nairobi, aliyezaliwa mwaka 1984. Anatengeneza miwani ya kuvaliwa kwa waya, vyuma na takataka za mtaani, na baadaye akatengeneza mfululizo wa sanamu kutokana na sehemu za zile baiskeli nzito ambazo Wakenya waliziita Black Mamba. Namtaja kwa sababu unadhani vitu vyako havina uhusiano. Kuna msanii aliyekutanisha miwani, baiskeli na sanaa ya kukusanywa katika kazi moja, na makumbusho na nyumba za sanaa za nje zimezionyesha kazi zake.

Sasa baiskeli yenyewe. Kwa magurudumu ya inchi 28, breki za fito na usukani uliopinda kuelekea kwa mwendeshaji, ulichonunua ni mtindo wa Kiingereza wa mwanzo wa karne ya 20, ambao kampuni ya Raleigh ya Nottingham, iliyoanza mwaka 1887, iliusambaza katika makoloni, na ambao viwanda vya India na China viliendelea kuutengeneza kwa miongo mingi. Uliundwa hivyo kwa sababu ulikusudiwa njia mbovu na mizigo: fremu ndefu yenye pembe za kulala hunyonya mshtuko, na fito za breki hazikatiki njiani kama waya. Kama kitovu cha gurudumu la nyuma kina gia tatu za ndani zenye jina la Sturmey-Archer, safisha mafuta juu yake kwa kitambaa, na kando ya herufi za aina ya mtambo huenda ukakuta tarakimu mbili zilizopigwa muhuri. Hizo kwa kawaida ni mwaka kilipotengenezwa kitovu, na ni ushahidi bora kuliko kiapo cha muuzaji yeyote.

Unasema fundi amekushauri uipake rangi upya, ing'ae. Tafadhali usifanye hivyo. Ile mistari ya dhahabu ilipigwa kwa mkono au kwa nembo za kubandika za kiwandani, na ikifunikwa haitarudi. Wakusanyaji duniani kote huheshimu rangi ya asili iliyochakaa kuliko rangi mpya inayong'aa, na mimi naona wana haki, kwa kuwa ndiyo pekee inayosimulia baiskeli ilikopita. Kutu ni jambo jingine, na usiichekee. Hewa yetu ina chumvi, na chuma kilichoachwa wazi karibu na bahari huanza kuliwa ndani ya siku chache. Ifute kwa maji baridi yasiyo na chumvi kila ukitoka ufuoni, ikaushe, pitisha kitambaa chenye mafuta mepesi kwenye sehemu zenye kromiamu, na umwombe fundi atie mafuta ndani ya mabomba ya fremu kupitia bomba la kiti. Fremu nyingi huozea ndani huku nje zikiwa nzuri.

Na uiendeshe. Ila ujue kwamba breki za fito husukuma mpira kwenye upande wa ndani wa rimu, na rimu ya chuma ikilowa mvua breki hupungua nguvu vibaya sana, hivyo anza kufunga mapema unaposhuka mteremko wa Daraja la Nyali wakati wa masika.

Nyuma ya mabango yako kuna filamu, na filamu hainunuliwi kama kitu; unanunua tiketi, unabaki na ulichokiona. Mombasa ilikuwa na kumbi kama Regal, Majestic na Naaz, na wazee wako wataweza kukwambia ni filamu zipi za Kihindi zilizojaza viti na mavazi gani yaliigwa na mafundi cherehani wiki iliyofuata. Bhanu Athaiya, aliyebuni mavazi ya filamu za Kihindi tangu miaka ya 1950, ndiye Mhindi wa kwanza kushinda tuzo ya Oscar, mwaka 1983. Fuata jina moja la namna hiyo, liwe la mbuni wa mavazi au la mwongozaji, utazame kazi zake kwa mfuatano wa miaka, na utajifunza zaidi kuliko kutazama kila kinachosifiwa mwezi huo.

Kwako wewe ningependekeza Satyajit Ray, na si kwa sifa zake peke yake. Kabla ya kuongoza filamu alikuwa mchoraji katika kampuni ya matangazo mjini Calcutta. Mwaka 1950 kampuni ilimpeleka London, na huko akatazama Ladri di biciclette, filamu ya Kiitaliano ya mwaka 1948 ya Vittorio De Sica, juu ya maskini anayeibiwa baiskeli anayoihitaji kazini. Alitoka ukumbini akiwa ameamua kuwa mwongozaji. Baadaye alichora mwenyewe mabango ya filamu zake. Mtu anayependa baiskeli, sinema na mabango hawezi kupata mlango bora zaidi wa kuingilia.

Mabango yako sasa. Umesema ni masafi, hayana mikunjo, na ukubwa wake ni wa karatasi kubwa ya kawaida ya mashine ya kuchapisha. Nasikitika kukuambia kwamba dalili zote hizo zinaelekea kwenye nakala za juzi. Kwa miongo mingi mabango yalisafirishwa kwa wenye kumbi yakiwa yamekunjwa, hivyo mistari ya mikunjo ni dalili njema, na vipimo vyake vilifuata inchi za biashara ya filamu, kwa mfano 30 kwa 40. Chukua lenzi ya kukuzia uangalie uso wa mwigizaji: uchapaji wa zamani huonyesha nukta zilizopangika kwa safu, lakini mashine ya wino ya leo hunyunyiza nukta ovyo. Nakala si kosa iwapo ulilipa bei ya nakala. Na kama unapenda bango kwa mkono wa mchoraji, jua kwamba Ghana, tangu miaka ya 1980, wenye vibanda vya video waliajiri wachoraji wa kuchora mabango kwenye magunia ya unga yaliyofumuliwa, na leo magunia hayo yanatafutwa na wakusanyaji wa Ulaya na Marekani. Hata M. F. Husain, mmoja wa wachoraji wakubwa wa India, alianza maisha kwa kuchora mabango ya sinema mjini Bombay.

Nimeiacha picha yenye sahihi mpaka hapa kwa kuwa ndiyo yenye uzito. Edward Saidi Tingatinga alizaliwa kusini mwa Tanganyika mwaka 1932, akaanza kuchora Dar es Salaam karibu mwaka 1968, na mwaka 1972 akauawa kwa risasi za polisi waliomdhania mhalifu. Kazi yake yote, basi, ni ya takriban miaka minne. Alichora kwenye vipande vya mraba vya ubao wa hadibodi, vya karibu sentimita 60 kila upande, kwa rangi ya mafuta inayong'aa, ile ile iliyouzwa madukani kwa kupakia baiskeli. Nilijua utafurahi. Mnyama wake mara nyingi alikuwa mmoja, amejaza ubao, na nyuma yake hapakuwa na kitu ila rangi moja tulivu.

Picha yako, kwa maelezo yako, imechorwa kwenye kitambaa kilichowambwa, ni ndefu kuliko mapana yake, na imejaa twiga, Wamasai, mlima na ndege wasiohesabika. Si yake. Sahihi hiyo haibadilishi neno, kwa kuwa jina lake limekuwa jina la mtindo mzima, na wanaoliandika kwa nia njema au mbaya ni wengi. Lakini usiitoe ukutani kwa hasira. Wanafunzi wake wachache, baadhi yao jamaa zake, waliendeleza mtindo, na mwaka 1990 wachoraji wakaunda chama chao cha ushirika Dar es Salaam. Kazi za mikono hiyo zina historia na wapenzi wake. Itazame kama ulivyotazama leso: je, nukta zinafuata umbo la mwili wa mnyama au zimemwagwa tu, je, mstari wa shingo ya twiga ulipigwa kwa pumzi moja au ulisitasita? Ukiona ni kazi nzuri, ni nzuri. Kilichopungua ni thamani ya jina, na hiyo ilikuwa ya muuzaji tangu mwanzo. Mchoraji wa mtindo huo anayesaini jina lake mwenyewe ananipa imani kubwa zaidi.

Ya hotelini igeuze nyuma. Picha zilizochorwa kwa wingi kwa ajili ya hoteli huwa hazina jina, mwaka wala maandishi yoyote mgongoni, na kitambaa chake hupigiliwa kwa pini za haraka. Ikiwa hivyo, na ikiwa mkeo haipendi, hakuna hasara kuiondoa.

Kuhusu shilingi 60,000, nakushauri usinunue kitu chochote kipya kwa miezi kadhaa. Toa kwanza gharama za kuvitunza ulivyonavyo: baiskeli kwa fundi wa zamani asiyependa kubadilisha vipuri vinavyofanya kazi, na mabango utakayoyabakiza kwa fundi fremu atakayeyaweka mbali kidogo na kioo, kwa sababu karatasi iliyogusana na kioo katika unyevu wetu huota ukungu. Usitundike bango wala picha kwenye ukuta wa nje unaopigwa na mvua ya kusi, wala pale jua la alasiri linapofika, na kagua mgongo wa fremu mara kwa mara kwa ajili ya mchwa. Ukitaka kujua bei zinakwendaje, fuatilia minada ya sanaa ya Afrika Mashariki inayofanywa Nairobi na Circle Art Agency tangu mwaka 2013; kutazama hakulipiwi, na utaona tofauti kati ya jina linalopanda na kelele tu.

Wauzaji wa Mji wa Kale watakuonyesha viti, masanduku na pengine vipande vya pembe. Wewe ni mtu wa bandari, hivyo sheria unazijua kuliko wengi: biashara ya pembe za ndovu ilipigwa marufuku nchini mwaka 1978, na kitu cha kale cha kabla ya mwaka 1895 hakitoki nchini bila kibali. Asiye na karatasi mwache na mali yake.

Pesa itakayobaki iweke kwa ajili ya kofia moja ya mkono na, baadaye, picha moja ya mchoraji aliye hai ambaye unaweza kumtembelea anapofanyia kazi. Nenda zaidi ya mara moja, utazame kazi zake za zamani na za sasa, na umuulize ni ipi asiyotaka kuiuza. Ukishachagua, omba risiti yenye jina lake, jina la picha, mwaka, vipimo na aina ya rangi, aisaini mbele yako, kisha uibandike ndani ya bahasha nyuma ya fremu.